Siku Tulipotoboa Bomba Lenye Maji

Mwaka 1988 nilikuwa kibarua wa bomba katika misheni ya Rwabigaga, ng'ambo ya Nyabiyonza. Kazi yangu ilikuwa jembe na sururu. Bomba likivuja nafukua, fundi akimaliza nafukia, na kati ya hapo nafyeka majani ili njia ya bomba ionekane kutoka chemchemi hadi hospitalini. Baba yangu alitoka Urundi kuja kulima kahawa za watu, akazeekea Isingiro, na sisi watoto wake tulizoea kushika kazi ambazo wenye vibanja, yaani wenye mashamba ya migomba, hawazitaki. Hiyo ya bomba nilipoipata nilishukuru, nikaifanya kwa moyo.

Nataka kueleza habari za fundi Kokubanza, maana nilikuwepo, na watu wengi waliokunywa maji yale hawakujua alichofanya.

Alikuja kwetu mwaka mmoja kabla, fundi mzee alipostaafu. Binti wa Kihaya kutoka Muleba, umri wake miaka ishirini na sita, mwembamba, sauti yake ya chini. Alikuwa amesoma chuo cha maji. Wanaume kwenye pombe ya rubisi walisema misheni imekosa fundi ikaleta mwanafunzi. Mzee Ndyamukama, dereva na makanika wa misheni, hakusema hivyo mbele yake, lakini akitumwa kumpelekea vifaa alikuwa akivishusha mbali, ili aje avibebe mwenyewe. Kokubanza alivifuata, akavibeba, akasema, "Asante, mzee." Basi.

Wiki yake ya kwanza tulitembea bomba zima kwa miguu, yeye na daftari, mimi na panga.

"Kaka Polikarpi," aliniuliza, "hapa mara ya mwisho palivuja lini? Na maji yalitokea upande gani?"

Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza mimi swali. Nilijibu, akaandika.

Bomba lilikuwa la chuma, inchi nne. Lilishuka kwa kasi kutoka chemchemi, likavuka korongo juu ya nguzo tatu za mawe, likaingia kwenye tangi dogo la zege tuliloliita Pumziko. Maji yaliyokuja mbio yalitulia pale kwanza, ndipo yakaendelea taratibu hadi hospitalini.

Masika ya mwaka huo yalikuwa mabaya. Barabara ya Kayanga ilikatika mahali pawili. Kisha kuhara damu kukaingia. Mvua ilikuwa imeosha uchafu wote wa vilimani ikauteremsha bondeni, na watu wengi walichota huko huko bondeni. Wodi zikajaa, wagonjwa wakalazwa hadi barazani. Mke wangu Mukamusoni alikuwa mmoja wao. Nilimpeleka Jumapili kwa baiskeli, nimemfunga kwa kanga kiunoni mwangu ili asianguke.

Jumanne asubuhi nilikwenda kukagua korongo. Nguzo ya katikati ilikuwa imelala. Mafuriko yalikuwa yameichimba chini ikaanguka, na bomba likabaki limebonyea kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Kwenye kiungo palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, maji yanaruka kutoka humo kama upepeo. Mengi bado yalikuwa yanapita kwenda Pumziko, lakini nilipoweka kiganja juu ya chuma nilihisi kinatetemeka. Nilikimbia.

Kokubanza alikuja na Mzee Ndyamukama. Nyuma yao akaja Sista Placidia, mkuu wa hospitali, ameshika pindo la joho lake lisiburuzike kwenye tope. Ndyamukama alitazama mara moja tu.

"Funga maji," alisema. "Kujenga nguzo, kubadilisha vipande viwili vya bomba, siku mbili au tatu. Watu wavumilie."

Kokubanza akamgeukia sista. "Tangi la hospitali litatosha kwa muda gani?"

"Siku za kawaida, siku nzima. Sasa hivi, kwa wagonjwa nilio nao, saa nne."

"Na ndoo kutoka mtoni?"

"Mtoni ndiko walikotoka wagonjwa wangu." Sista hakupandisha sauti. "Kila anayehara lazima anywe, anawishwe, nguo zake zifuliwe. Ukinikatia maji siku mbili, Kokubanza, nitazika watu. Nakuambia ili ujue, si kukulaumu."

Mimi nilitazama chini. Sikusema kitu kuhusu mke wangu.

Kokubanza alipanda kilima kando ya bomba akihesabu hatua, akapotea kwenye majani, akarudi. Alichukua kijiti, akachora kwenye tope.

"Sitafunga," alisema. "Tazameni. Hapa juu ya korongo kuna valvu kubwa. Juu zaidi ya valvu nitatoboa bomba. Maji nitayatoa pale, niyapitishe pembeni kwa lile bomba la plastiki lililo stoo, yavuke korongo kwa njia yao, yaingie Pumziko. Yakishaingia ndipo nitafunga valvu. Kipande hiki kibovu kitakauka, tutakitengeneza bila haraka, na hospitali itakuwa inaendelea kupata maji."

"Kutoboa bomba lenye maji?" Ndyamukama alicheka bila furaha. "Kwa nguvu ile? Yatakurusha hadi ng'ambo ya Kagera."

"Mabomba hutobolewa hivyo hivyo, mzee."

"Umewahi?"

"Nimewahi kuona. Mara moja. Mwalimu alitoboa, mimi nilishika ndoo."

Alisema kweli, na nilimheshimu kwa hilo. Sista Placidia akasema, "Basi niambie unahitaji nini," akakusanya joho lake akarudi kwa wagonjwa.

Kwanza tulilisaidia bomba lisianguke. Tulikata mikaratusi, tukasimamisha miti miwili yenye panda chini ya mbonyeo, na ule ufa Kokubanza akauzungushia vipande vya mpira wa tairi, akavikaza kwa waya. Maji hayakuacha kuvuja, ila yalipungua. Kisha akanipa kopo la mafuta machafu ya gari na nyundo ndogo.

"Hii valvu kubwa haijaguswa tangu kabla ya vita vya Amini. Mwagia mafuta, gonga kidogo, subiri. Mwagia, gonga, subiri. Usijaribu kuizungusha. Ikivunjika shina, hatuna nyingine."

Akaenda zake gereji. Nilidhani atarudi baada ya saa moja na vifaa vyake. Jua lilifika utosini, hakurudi. Nilimwagia, nikagonga, nikasubiri, huku nikiutazama ule ufa. Mwishowe nikaacha nyundo, nikaenda kumtafuta.

Nilimkuta amekaza kipande cha bomba chakavu kwenye jiriwa, anakitoboa kwa keke ya mkono. Kipande kingine kilikuwa sakafuni, kimekwisha kutobolewa.

"Fundi, ufa unaongezeka!" nilisema, kwa ukali ambao haukunistahili.

"Kiasi gani?"

Nilimwonyesha kwa ukucha.

"Bado tuna muda," alisema. "Nitatoboa vitatu hapa. Kule nikikosea hakuna cha pili."

Alinionyesha jinsi itakavyokuwa. Kulikuwa na klampu ya vipande viwili inayokumbatia bomba na kukazwa kwa bolti, mdomo wake ukitazama juu. Juu ya mdomo ilikaa koki kubwa, ikiwa wazi. Juu ya koki kilikaa kifuniko chenye tundu, na keke ilipita kwenye tundu hilo, ikashuka katikati ya koki hadi kwenye chuma. Chuma kikitoboka, unaivuta keke juu, unafunga koki chini yake, na maji yanabaki ndani. Shida ilikuwa lile tundu la kifuniko. Alikuwa amelijaza katani na grisi, lakini kila alipojaribu kwa maji ya bomba la gereji, yalimrukia usoni.

Nilitazama, hasira zikanitoka. Nyumbani tulikuwa na ngozi ya ng'ombe ya kulalia, ya zamani, aliyoiacha mama. Najua ngozi. Kavu ni ngumu kama ubao, lakini ikilowa huvimba na kubana.

"Jaribu ngozi, ninayo nyumbani," nilisema. "Iloweke kwenye samli ya moto, ikate mviringo, panga vipande vinne vitano."

Hakuniuliza nimejua wapi. "Iko mbali?"

Nilikwenda kwa baiskeli na kurudi, nimekata pembe nzima ya ngozi. Tulipovipanga vile vipande tunduni na kufungulia maji, yalitoka matone matatu, kisha hakuna. Kokubanza alikaa chini juu ya sakafu ya gereji akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

"Kesho asubuhi," alisema. "Leo jua litatuzamia tukiwa katikati, na kazi hii ikianzwa haiachwi."

Nilitaka kumwomba tuanze saa ile ile. Badala yake nikaokota vipande vya ngozi vilivyobaki.

Tulipokuwa tunakusanya vifaa Mzee Ndyamukama aliingia. Sijui alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Alikwenda kwenye sanduku lake, akatoa kitu kilichofungwa kitambaa chenye mafuta, akakiweka mbele ya Kokubanza. Ilikuwa sindano ya keke ya inchi moja, mpya, inang'aa. Hakuna aliyewahi kuazimwa kitu kutoka sanduku lile.

"Hiyo yako imechoka," alisema. "Nitakuja kesho."

Asubuhi ya Jumatano mvua ilikuwa imekatika. Tulifukua bomba juu ya valvu, Kokubanza akaling'arisha kwa brashi ya waya hadi likawa jeupe. Akakaza klampu, bolti moja kidogo, ya upande wa pili kidogo, akizunguka hivyo hadi zote zikakaa sawa. Akaweka koki, akaweka kifuniko, akafunga uzi mwekundu kwenye shina la keke.

"Huu uzi," alituambia, "ukifika hapa juu wakati wa kuvuta, sindano imeshapita koki. Usipofika, tusifunge, tutaivunja. Mzee, wewe utanitazamia uzi, na utakalia mti wa kuibania keke. Kaka Polikarpi, tuzungushe kwa zamu."

Mnyororo ulipita chini ya bomba, na mti wa mkaratusi ulipita kwenye mnyororo juu ya keke, ili bomba likitoboka maji yasiisukume ikaruka. Ndyamukama alikalia ncha ya mti kwa uzito wake wote. Tukaanza.

Chuma cha zamani ni kigumu. Tulizungusha karibu saa nzima. Mikono yangu imezoea sururu, lakini ile kazi ya kuzungusha bila kuyumba ilinitoa jasho kuliko kuchimba. Kokubanza ilipofika zamu yake alifumba macho, anasikiliza kwa mikono. Ghafla akasimama.

"Inakula kwa mruko," alisema. "Imekaribia. Nipe mimi."

Alizungusha mara kumi, labda kumi na mbili. Kisha tukasikia sauti kama nyoka mkubwa anayepumua, na mti ukanyanyuka na Mzee Ndyamukama juu yake, akarudi kuubana kwa kifua. Ngozi ilivimba, ikabana. Matone tu.

"Limetoboka! Legeza mti polepole, mzee, inavyopanda iache ipande. Uzi?"

"Bado... bado... Umefika!"

Alishika gurudumu la koki akaanza kufunga. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tano. Kisha likagoma. Lilikuwa limebakiza raundi mbili hivi kufunga.

Nilimwona akijaribu kwa nguvu, kisha akaacha mara moja.

"Kuna kipande cha chuma kimekaa mlangoni," alisema. "Nikilazimisha nitaharibu koki." Maji yalikuwa yanalia chini ya mikono yake. "Nitatoa kifuniko. Maji yatoke yakisukume nje."

"Binti," alisema Ndyamukama, "yakitoka yote hivyo, utafungaje?"

"Gurudumu litakuwa mkononi mwangu. Nyinyi sogeeni."

Hatukusogea. Ndyamukama aliuchomoa mti, akamshika Kokubanza mkanda kwa nyuma, mimi nikashika spana. Kokubanza alipiga goti juu ya bomba, akafungua koki kidogo zaidi, akaniambia nilegeze kifuniko. Nilikizungusha, uzi wake wa skrubu ukiachia mmoja baada ya mwingine. Uzi wa mwisho ulipoachia, kifuniko na keke viliruka majanini, na maji yakapanda juu kuliko mikaratusi, yakatuangukia kama mvua ya mawe. Sikuona kitu. Nilisikia tu kitu kidogo kikigonga jiwe, ting, na sauti ya Kokubanza ikihesabu nusu raundi za gurudumu ndani ya yale maji: moja, mbili, tatu. Alipofika tisa mlio ulipungua. Alipofika kumi na moja kulikuwa kimya, na maji yakidondoka kutoka kwenye majani.

Koki ilikuwa imefungwa. Kokubanza alikuwa bado amepiga goti, nywele zimelala usoni, mikono yake imeganda kwenye gurudumu kiasi kwamba ilibidi tumfungue vidole. Mzee Ndyamukama alikwenda kwenye gari, akarudi na koti lake.

"Vaa, mwanangu," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo kabla.

Kazi iliyobaki haikuwa ya kutisha, lakini ilitaka uangalifu, na hapo ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mtu mwenye nguvu tu. Tulilaza bomba la plastiki kutoka kwenye koki likavuka korongo, tukalifunga kwenye kamba ili lisining'inie. Kokubanza alifungua koki robo, akaacha hewa yote itoke, akaacha maji ya kwanza yenye vumbi yamwagike korongoni, akatia dawa ya maji, akasubiri, akayanusa, akaonja. Ndipo akaelekeza mdomo wa bomba ndani ya Pumziko.

Kisha valvu kubwa. Baada ya siku nzima ya mafuta na nyundo, ilikubali.

"Robo raundi, kisha hesabu hadi mia," aliniambia. "Maji yanayokimbia ukiyazuia ghafla hupiga kichwa kama fahali. Yatapasua kwingine."

Nikafunga robo kwa robo, muda mrefu. Kila nilipofunga, ule upepeo wa maji kwenye ufa ulishuka kidogo. Ukawa uzi. Ukawa matone. Ukakauka. Kule Pumziko, Ndyamukama alikuwa amelala kifudifudi juu ya zege, kichwa kwenye tundu la mfuniko.

"Yanaingia!" alipiga kelele. "Hayajashuka hata kidole!"

Tulikata kile kipande kibovu mchana ule ule. Alhamisi tulijenga nguzo upya, msingi wake ukaingia chini hadi mwambani. Jioni ya Alhamisi Kokubanza alinifukuza pale korongoni. Sista Placidia alikuwa amemwambia habari za mke wangu.

"Kwa nini hukusema mkeo yuko wodini?"

"Ungenipeleka nyumbani."

Alifikiri. "Hapana. Mkono wangu ungetetemeka. Nenda kamwone."

Mukamusoni alikuwa amekaa, anakunywa uji. Macho yake yalikuwa yamerudi mahali pake. Alinitazama na tope langu kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Siku mbili sijakuona. Ulikuwa wapi?"

"Bomba lilikatika korongoni."

"Lilikatika lini? Maji hayajakatika hapa hata mara moja."

Nilikwenda kwenye bomba lililokuwa ukutani mwa wodi, nikalifungua. Maji yalitoka meupe. Muuguzi alikuwa anasubiri na beseni nyuma yangu, akanisogeza kwa kiwiko kwa sababu nilikuwa namchelewesha. Mle ndani hakuna aliyejua. Watu walikuwa wananawishwa, shuka zinafuliwa, mama mmoja analalamika kwamba uji hauna sukari. Nilisimama pale nikamkumbuka Kokubanza ndani ya maji yale akihesabu, nikataka kuwaambia wote, nikashindwa pa kuanzia.

Jumamosi, zege liliposhika na vipande vipya vilipokazwa, tulifungua valvu kubwa kwa robo zile zile, tukafunga koki, tukakunja bomba la plastiki tukalirudisha stoo. Koki yenyewe aliiacha pale pale na kizibo juu yake. Alisema huenda siku moja mwingine ataihitaji. Wanaume wa rubisi walipopata habari kutoka kwa Ndyamukama, ambaye alizisimulia kila mahali alipoegesha gari, walisema binti ana bahati. Ndyamukama aliwajibu kwamba alimwona akitoboa vyuma vitatu vya bahati gereji kabla ya kutoboa cha nne.

Jumatatu nilifika kazini na jembe begani. Kokubanza alilichukua, akaliegemeza ukutani, akanipa kipande cha bomba na chombo cha kukatia uzi, yaani ile mifereji ya skrubu ya kuungia mabomba.

"Kata uzi hapa," alisema. "Polepole, mafuta mengi."

Nilikata kwa makini nikidhani nimefanya vizuri. Alijaribu kufunga soketi, ikakaa upande. Hakucheka wala hakunilaumu. Alichukua msumeno wa chuma, akakata ile ncha niliyoiharibu, ikaanguka sakafuni, akanirudishia bomba lililobaki.

"Tena," alisema.